Ukingo wa njano: shajara ya kupanda aspilia Mwandiga, Kigoma

10 Juni 2023

Mizinga mitano, yenye nyuki ni miwili. Leo nimefungua wa tatu nikakuta masega makavu, nondo wa nta ameshasokota utando wake pembeni, na chini hakuna hata nyuki mmoja aliyekufa. Kwa hiyo hawakufa, wamehama. Nimemwomba mzee wetu wa nyuki aje aangalie. Huyu alianza kufuga akiwa kijana kule Kasulu, enzi za mizinga ya magome, na siku hizi anatupitia sisi wafugaji wachanga bila kudai chochote zaidi ya chai.

Mzinga hakuutazama. Amesimama katikati ya kiwanja, ameshika fimbo yake, akakizungusha kichwa polepole.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umekaribisha wageni, na chakula umewaandalia wapi?"

Nimemwonyesha miembe miwili, michikichi, mihogo. Amesema mwembe ukichanua unachanua, ukimaliza umemaliza. Mchikichi unawapa chavua. Je, baada ya hapo? Milima iliyo nyuma yetu ni mashamba matupu, miombo iliyobaki iko mbali, na mimi uani kwangu nimefagia mpaka udongo unang'aa. Kisha akanyoosha fimbo kwenye ukingo wa njia, mahali ninapofyeka kila mwezi, kwenye ua moja la njano lililookoka kwa sababu limejificha nyuma ya jiwe. Juu yake walikuwepo nyuki wawili.

"Hao hapo," akasema. "Wanakula unachokitupa."

17 Juni 2023

Wiki nzima nimekuwa nikitembea na macho chini. Njia ya kwenda Manyovu, kuanzia hapa njia panda ya Mwandiga, imejaa maua ya njano, na nilikuwa nayaita yote jina moja: majani. Sasa naona ni matatu tofauti kabisa.

Lile refu kuliko mtu, lenye ua kubwa kama sahani ya kikombe na majani yaliyochanika kama vidole, ni alizeti pori. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Nyuki wanalipenda, sikatai, lakini likishika mahali halimwachii mwenziwe nafasi. La pili ni kishona nguo, ambalo kila mama aliyewahi kuchambua soksi za mtoto analijua. Hilo pia limetoka bara la Amerika. La tatu ndilo la mzee: linafika kiunoni au kifuani, majani yake yamekaa mawili mawili yakitazamana, na kila jani lina mishipa mitatu inayoanzia karibu na kikonyo. Ukilipitisha jani lake shavuni linakwaruza kama msasa. Hilo ndilo la kwetu.

Nimetuma picha kwa mtu anayejua mimea, akanijibu kwamba ni Aspilia mossambicensis. Humea mwenyewe Afrika Mashariki na kuteremka hadi kusini mwa bara, kwenye nyasi, vichaka, kingo za misitu na mashamba yaliyoachwa. Nimemwuliza jina lake la Kiswahili, na kila niliyemwuliza hapa mtaani pia amenijibu "majani tu". Basi katika shajara hii nitaliita aspilia, na nitalitamka hivyo hivyo mbele ya watu mpaka wazoee.

Ni la ukoo mmoja na alizeti, ukoo ambao wataalamu wameupa jina kutokana na asta, yaani nyota. Asta wenyewe ni maua ya nchi za baridi. Wakulima wa Marekani wana lao la zambarau lenye kitovu cha njano, Symphyotrichum novae-angliae, linalochanua kuelekea mwisho wa msimu, wakati mengine yameshakwisha. Wanalipanda makusudi kwa ajili ya nyuki, na kwa ajili ya wale vipepeo wa rangi ya chungwa wanaosafiri hadi Mexico kukwepa baridi. Niliposoma habari hiyo nilijiuliza: asta la Kigoma ni lipi? Kumbe nilikuwa nalifyeka.

2 Julai 2023

Shemeji amekuja kula nasi. Zamani aliwahi kubeba mizigo ya watafiti kule Gombe. Alipoona nimeweka tawi la aspilia kwenye glasi ya maji mezani, akacheka kwa furaha: "Haa, dawa ya sokwe!"

Anasema sokwe huamka asubuhi, kabla hawajala kitu, wakachuma jani moja moja. Hawatafuni. Wanalikunja kwa ulimi na kulimeza zima, huku wakikunja uso kama mtoto aliyepewa kwinini. Baadaye jani hutoka zima kwenye kinyesi. Hili si hadithi ya mezani tu. Mwaka 1983 watafiti Richard Wrangham na Toshisada Nishida waliandika kuhusu majani ya aspilia baada ya tabia hiyo kuonekana kwa sokwe wa Gombe na wa Mahale, sehemu mbili zilizo kwenye ziwa letu hili hili. Utafiti wa baadaye ukaonyesha kwamba ule ukwaruzi wa jani, niliouhisi shavuni, husafisha utumbo na kutoka na minyoo.

Tangu leo silioni tena kama pambo. Sokwe walilijua kabla yangu.

8 Julai 2023

Nimekusanya mbegu. Vichwa vilivyokauka vimekuwa kahawia, ukivisugua kiganjani vinapukutika. Nimejaza bahasha mbili za kaki, nimeandika tarehe na mahali nilipochuma, nimezitundika jikoni mbali na moshi.

18 Novemba 2023

Mvua zimeshika. Nimesia mbegu 200 kwenye tuta dogo karibu na karo, udongo uliochekechwa, mchanga kidogo, samadi iliyooza. Nimechora mifereji kwa kijiti, nimefukia vizuri, nimetandaza nyasi juu. Binti yangu amehesabu mbegu moja moja kwa sauti, na nimempa cheo cha katibu wa mradi.

9 Desemba 2023

Zimeota tatu.

Tatu kati ya 200. Nimeumia, kwa sababu nilishawaambia watu. Nimekaa chini na bahasha ya pili na miwani, nikaanza kuzibana mbegu kwa ukucha. Nyingi zinabonyea kama pumba, ndani hamna kitu. Zenye kiini zinakataa ukucha. Nikikadiria, kati ya kumi ziko mbili au tatu zenye kiini. Kosa la kwanza ni hilo: nilichuma vichwa vyote vilivyokuwa kahawia bila kuangalia kama vimejaa. La pili ni kufukia. Mbegu ndogo za namna hii nyingi zinataka mwanga, zinatakiwa zigandamizwe juu ya udongo tu na kunyunyiziwa maji kwa upole, zisilale kaburini chini ya nyasi. Nimezipa matunzo ya mahindi, wakati hazikuwa mahindi.

Katibu wa mradi ameandika kwenye daftari lake: "3. Mama amekasirika."

16 Desemba 2023

Mzee amenishauri niache mbegu kwa sasa, nitumie vipandikizi. Tumekwenda naye njia ya Manyovu na kisu kikali. Anachagua shina lisilo bichi sana wala gumu sana, lenye vifundo vitatu. Anakata chini ya kifundo kwa mshazari, anaondoa majani ya chini, anaacha mawili ya juu na kuyapunguza nusu. Ameniambia nisichukue zaidi ya vitatu kwenye shina moja, na nisiguse kabisa shina lililo peke yake. Viriba 60 nimevijaza na kuvipanga chini ya mwembe wa pili, kwenye kivuli chepesi.

20 Januari 2024

Vilivyoshika ni 41. Ukikivuta kidogo kinakukatalia, basi kimeota mizizi.

Mvua ya mwaka huu ni ya El Nino, haina mapumziko, na watu wa kandokando ya ziwa wanaangalia maji yakipanda wiki hadi wiki. Sisi huku juu tumepata neema ya udongo laini. Leo nimehamishia miche yote kwenye ukanda wenyewe: hatua 12 kwa 3, kati ya mizinga na njia ya watu. Nimepanda kwa nafasi ya hatua moja, bila samadi shimoni. Mmea huu umezoea kingo za njia, na ukilishwa sana utatoa majani mengi badala ya maua. Upande wa juu nimeweka pia fito nne za mtukutu, ili baadaye ziwe uzio.

Mtukutu nao ni wa ukoo huo huo, ingawa ua lake ni jeupe na dogo. Watongwe wa Mahale wanauita mjonso na kuunywa kwa maumivu ya tumbo. Mwezi Novemba 1987 Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe na mwenyeji wa Mahale, alikuwa msituni pamoja na mtafiti Michael Huffman wakimfuata sokwe jike aitwaye Chausiku, aliyekuwa mgonjwa. Walimwona akimenya kijiti cha mtukutu na kunyonya maji yake machungu. Mzee Kalunde ndiye aliyetambua mara moja kwamba ile ni dawa, kwa sababu watu wake walikuwa wakiitumia. Waliandika pamoja mwaka 1989. Nalirudia jina lake hapa kwa kusudi. Tunapozungumzia mimea yetu tunawataja waliotoka mbali, tunawasahau wenyeji walioonyesha njia.

24 Februari 2024

Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya usafi. Nilikuwa nimekwenda msibani Ujiji tangu alfajiri. Nimerudi saa nane, nikaingia kwa njia ya nyuma, na sikuelewa kwanza ni kitu gani kimepungua.

Ukanda wote umefyekwa. Miche 41 imelala chini, majani yameshaanza kusinyaa, na makwanja yamepita safi kabisa, usawa wa kifundo cha mguu. Wamefyeka hadi kwenye mizinga kwa uangalifu mkubwa, wala hawakumgusa nyuki. Vijana wa watu wamefanya kazi waliyoambiwa, na wameifanya vizuri.

Nimekaa kwenye jiwe. Baba watoto ameniletea maji, akakaa pembeni bila kusema neno mpaka jua likashuka.

25 Februari 2024

Kiongozi wa vijana amepita baada ya kusikia. "Mwakeye mama. Tusamehe mama, tuliona majani." Nimemjibu ukweli kwamba sina la kumlaumu, mwaka jana ningemshukuru. Sikuweka alama, sikumwambia mtu wa mtaa, na kwa anayepita na kwanja, shina la aspilia lisilo na ua halina tofauti na majani mengine. Nimemshika mkono nikampeleka kwenye kishina kimoja, nikampa jani alipitishe shavuni. Ameshtuka. Nikamweleza habari za sokwe. Akaita wenzake wawili waliokuwa njiani nao wajaribu.

Nimeamua nisichimbue kitu. Mzee amesema tungoje.

16 Machi 2024

Yamechipua! Mashina 36 kati ya 41. Na kila kishina kilichokuwa na tawi moja sasa kinatoa manne, matano. Huu mmea una kitako kigumu cha mti chini ya ardhi, ndiyo maana unavumilia kwanja, mbuzi na moto wa kiangazi. Kwa umri wa mwezi mmoja ardhini sikutegemea kabisa. Mzee amefurahi kuliko mimi. Anasema vijana wamenipogolea bure.

Nimezungushia kamba ya katani na vitambaa vyekundu. Mwenyekiti wa mtaa nimemfuata nyumbani kwake, amekubali kutangaza kwamba ule ukanda ni shamba la nyuki. Neno "shamba" limesaidia. Majani hayana mwenyewe, shamba lina mwenyewe.

28 Aprili 2024

Ua la kwanza lilifunguka juzi. Leo nimechukua kigoda na daftari, nimekaa mbele ya ua moja kuanzia saa tatu hadi saa nne asubuhi, na sikufanya kitu kingine.

Kwanza, ua si moja. Ile miale ya njano ya pembeni ni mabango tu ya kuitia wateja. Kitovu ni mkusanyiko wa maua madogo sana, kila moja ni kibomba chenye meno ya nyota mdomoni, na hayafunguki yote pamoja. Yanaanza ya duara la nje, kesho yake duara la ndani yake, hivyo hivyo mpaka katikati. Ndiyo maana ua moja linahudumia siku kadhaa, na nyuki anayerudi kesho anakuta kibomba kipya.

Pili, namna linavyotoa chavua. Ndani ya kibomba kuna mrija uliojaa chavua, na katikati ya mrija unapanda mchi kama wa pampu ya baiskeli, unaisukuma chavua juu hadi mlangoni. Nimeiona kwa kioo cha kukuzia cha katibu wa mradi: kikofia cha unga wa njano juu ya kila kibomba kilichofunguka asubuhi hiyo. Nyuki akitembea juu yake anatoka na tumbo limepakaa unga. Chavua ikishachukuliwa, ncha ya mchi inapasuka vipande viwili na kujikunja, tayari kupokea chavua ya ua jingine. Linatoa kwanza, halafu linapokea.

Katika saa ile moja wamekuja nyuki wa asali 9, nyuki wadogo wasiouma 14, inzi wawili wanaofanana na nyuki, kipepeo mmoja mweupe. Na kitu kimoja kidogo chenye kung'aa kijani, ukubwa wa punje ya mchele, ambacho nilidhani ni inzi mpaka nilipoona chavua kwenye miguu yake ya nyuma. Nyuki wa namna hii sijawahi kumwona katika maisha yangu, au nimemwona mara elfu.

25 Mei 2024

Siku ya usafi. Vijana wamekuja, wamefyeka kuzunguka kamba, mmoja amenionyesha kwa kidole kishina kimoja kilichotoka nje ya kamba ambacho wamekiacha. Nimewapikia uji wa ulezi.

Nimepata hesabu ya mwezi: mashina 36, na asubuhi njema kuna maua zaidi ya 300 kwa wakati mmoja. Mzinga wa tatu bado mtupu.

13 Julai 2024

Kiangazi kimekaza. Aspilia imeanza kukauka juu, mbegu zinajaa. Safari hii nabana kwa ukucha kabla ya kuchuma.

Lakini habari ya leo ni nyingine. Nilikuwa nafagia chini ya mwembe kama kila asubuhi, nikaona ufagio wangu unafuta tundu dogo, na pembeni yake tundu jingine, kila moja limezungukwa na kifusi kidogo cha udongo mwekundu kama unga wa ulezi uliomwagwa kwa kijiko. Nimesimama. Baada ya dakika chache mwenye nyumba amerudi: yule wa kijani. Amezunguka mara tatu hewani akitafuta mlango nilioufuta, ametua, ameanza kuchimba.

Kwa hiyo nyuki wangu wa kijani anaishi ardhini, peke yake, hana malkia wala mzinga. Kila jike anajichimbia, anaweka chavua aliyoitoa kwenye aspilia, anataga juu yake, anafunga. Na mimi kila alfajiri namfungia mlango kwa ufagio.

Hapa ndipo nilipoelewa hesabu ambayo nilikuwa nimeikosea tangu mwanzo. Nyuki wa asali anaweza kwenda kilomita mbili au tatu kutafuta chakula bila shida. Hatua 12 kwa 3 si kitu kwake, ni kama kumpa ng'ombe kiganja cha nyasi. Huyu mdogo haendi mbali. Kama chakula na ardhi ya kuchimba havipo karibu karibu, kwake ni sawa na kutokuwepo kabisa. Nilipanda kwa ajili ya mizinga yangu, kumbe aliyekuwa anasubiri ni mwingine, ambaye hatanipa hata tone la asali.

Eneo la hatua tatu chini ya mwembe halifagiliwi tena. Mama mkwe ameuliza kwa nini uwanja una kiraka. Nimemwambia, "Mama, kuna wazazi wamelala." Amechutama kuangalia, akakaa pale mpaka chai ikapoa.

5 Oktoba 2024

Mbuzi wa jirani wameingia mara mbili. Wamekula vichwa vya mtukutu, ukali wa majani ya aspilia umewashinda. Hakuna madhara.

23 Novemba 2024

Nimesia upya. Mbegu 120 zilizopita mtihani wa ukucha, zimewekwa juu ya udongo, nimegandamiza kwa ubao, sikufukia. Kopo la kumwagilia lenye matundu madogo, asubuhi na jioni.

14 Desemba 2024

Zimeota 77. Katibu wa mradi amehesabu mara mbili. Ameandika: "77. Mama ameimba."

18 Januari 2025

Miche 50 imekwenda kwa watu. Nimeigawa kwa jirani wa kuume, jirani wa kushoto, kiongozi wa vijana, mwalimu mmoja wa shule ya msingi, na akina mama watatu kando ya njia ya Manyovu. Sharti langu ni moja: iwe ukingoni, pasipolimwa, na kila nyumba isipitane na nyingine kwa umbali mrefu. Nataka mdogo yule aweze kuvuka kutoka ukingo hadi ukingo.

Nimewaambia pia lisiwekwe katikati ya mihogo kisha nilaumiwe kwenye palizi.

8 Machi 2025

Jirani wa kushoto, mama mtu mzima ninayemwita shangazi, amenipigia kelele kupitia uzio nije haraka. Ana matuta ya nyanya chungu yanayopakana na ukanda wangu. Juu ya ua moja la nyanya chungu ameng'ang'ania nyuki mkubwa mweusi, yule anayetoboa mbao za paa. Amelikumbatia kwa miguu yote, mabawa hayapigi, lakini anatoa mlio mkali kama simu inayotetemeka juu ya meza. Kila akilia, vumbi la njano linamwagika kifuani pake.

Ua la nyanya chungu, kama la nyanya na la bilinganya, linafungia chavua ndani ya vikopo vyenye tundu dogo nchani. Inatoka likitikiswa. Nyuki wa asali hajui mtikiso huo, huyu mkubwa anaujua. Mbochi, yaani maji matamu ya ua, anaunywa kwenye aspilia, kisha anahamia kwa shangazi kuchukua chavua. Shangazi alikuwa akiwapiga kwa ufagio kwa sababu ya mbao zake. Amesema kuanzia leo atawatundikia kipande cha boriti kuukuu nyuma ya jiko, wakatoboe huko.

3 Mei 2025

Mwezi wa vipepeo. Asubuhi jua likishapanda wanakuja kama wameitwa. Yupo wa rangi ya chungwa mwenye madoa meusi na ncha zenye vitone vyeupe, ambaye jamii yake huvuka jangwa la Sahara kwenda Ulaya na uzao wake kurudi tena. Yupo na binamu wa wale wasafiri wa Mexico, Danaus chrysippus, asiye na haraka kwa sababu ndege wanajua ni mchungu: alipokuwa kiwavi alikula mimea ya utomvu mweupe, na sumu yake amebaki nayo.

Huyu wa pili nimemwona akifanya jambo lililonishangaza. Ameacha maua yote yaliyofunguka, akaenda kwenye shina la marejea lililokauka pembeni ya karo, akakaa akilikwaruza. Baada ya muda wakawa wanne juu ya shina hilo moja kavu, wote madume. Madume wa jamii yake hufuata marejea kwa ajili ya kemikali iliyomo, wanayoitumia kutengenezea harufu ya kumvutia jike. Yaani wamekwenda kununua manukato. Shina hilo nilikuwa nimeshalipangia kuwa kuni. Limebaki.

Kwenye aspilia tatu kuna viwavi, majani yametobolewa. Binti ameuliza tupulize majivu. Nimesema hapana. Ukipanda kwa ajili ya kipepeo unampandia na mtoto wake. Mmea una majani ya kutosha, na baada ya kwanja la mwaka jana siuogopei tena.

31 Mei 2025

Siku ya usafi, na mzinga wa tatu umeingiwa. Kundi limetua saa tano asubuhi, vijana wakiwa bado na makwanja mikononi. Sauti kwanza, kama lori linalopanda mlima kwa mbali, halafu kivuli kikapita juu ya uwanja. Nimewaambia walale chini wasipige kelele. Wamelala kweli, hata yule mkubwa wao, uso kwenye mchanga, mpaka nyuki wote walipokwisha kuingia.

Sitasema ni aspilia iliyowaleta. Niliusafisha mzinga, nikapaka nta mpya kwenye viunzi, nikapaka oili miguuni mwa stendi kuzuia siafu, na huu ndio msimu wa makundi kutembea. Mzee amekuja jioni, amesikiliza ubavuni mwa mzinga kwa sikio, akasema wametulia. Kisha akakaa kwenye kigoda changu mbele ya maua, akaomba kioo cha katibu.

14 Juni 2025

Kitabu cha mgao kinaonyesha kingo 11 kuanzia kwangu hadi karibu na daraja dogo. Miche mitatu imekufa kwa mwalimu, tutairudishia Desemba. Chini ya mwembe nimehesabu matundu 26, mwaka jana wakati kama huu sikuwa hata najua kuhesabu.

Upande wa kaskazini wa ukanda umetangulia kukauka. Kesho alfajiri, kabla umande haujakauka, tunaanza kuchuma mbegu huko. Mama mkwe amesema atakuja, ukucha wake ni mgumu kuliko wangu.